Kipimo cha Shingo

Alikuwapo mtu mmoja wa makamo ambaye shingo yake, tangu ilipoumia katika ajali, iligeuka vyema upande wa kushoto, lakini kulia ilikuwa nzito kama mlango ulioshikwa na kutu. Jioni alipenda kucheza mchezo wa urubani katika kompyuta. Walakini rubani hana budi kutazama huku na huku: uwanja wa kutua uko ubavuni, saa za injini ziko chini, na mikono yote miwili imekwisha shughulika na usukani na mwendo. Kilichobaki huru ni kichwa, na kichwa chake kilikuwa nusu mfungwa.

Mpwa wake akamletea opentrack, programu isiyouzwa. Kamera ndogo iliwekwa juu ya kioo, na vitaa vitatu vya mwanga usioonekana kwa macho vikabanwa ubavuni mwa kichwa. Kwa vitaa hivyo programu hupima miendo sita: kugeuka kulia na kushoto, kuinama na kuinuka, kulalia bega, na kusogea mbele au nyuma, juu au chini, upande huu au ule.

Mwanzo ulikuwa wa fedheha. Kijana alikuwa amenakili vipimo vya mchezaji mmoja hodari, na anga yote ikatetemeka kama mgonjwa wa homa.

"Vipimo hivi vinasifiwa na wengi, mjomba."

"Vinasifiwa na shingo zao," mjomba alijibu.

Jawabu hilo lilikuwa na haki. Mchezaji hawezi kugeuza kichwa kama rubani wa kweli, maana macho yake yangekiacha kioo. Kwa hiyo programu huzidisha: shingo hujongea kidogo, na dunia ya mchezo huzunguka sana. Lakini kinachozidisha nia huzidisha na mtetemeko, na pumzi moja yaweza kuitikisa ndege nzima.

Basi vipimo vya kuazima vilitupwa. Mjomba aliketi kama alivyozoea kuketi, si kama apigwaye picha, kisha kikabonyezwa kitufe cha kuweka kitovu. Ukafuata mstari wa kuzidisha. Karibu na kitovu ulilazwa, ili pumzi isihesabiwe kuwa nia. Mbali nacho ukapandishwa kwa ukali. Halafu kulia na kushoto vikatenganishwa, maana programu huruhusu kila upande uwe na mstari wake. Kushoto, digrii 18 za shingo zilizaa 90 za mchezo; kulia, digrii 8 zilizaa 90 zile zile. Upande dhaifu ulidaiwa kidogo ukalipwa sawa.

Ikabaki kazi ya kulainisha. Ikizidi, picha hukifuata kichwa kwa kuchelewa kama mtumishi mwenye usingizi. Ikipungua, picha hutetemeka. Mwaka 2012 wataalamu Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel walieleza kichujio kilichopewa jina la Euro moja, ambacho huchuja sana mwendo ukiwa wa polepole na kidogo ukiwa wa haraka. Kichujio kiitwacho Accela, kilichomo katika opentrack, kiko karibu na hekima hiyo: atuliaye hupewa utulivu, na aharakishaye hupewa haraka.

Usiku ule mjomba aliinamisha ndege kulia, akageuza shingo kiasi ilivyokubali, akaona uwanja wa kutua chini ya bawa. Hakuwa ametazama upande ule bila kugeuza kiwiliwili kizima kwa miaka mingi. Akanyamaza. Kijana akadhani pana kosa, akanyosha mkono kwenye kibao cha kuandikia.

"Uache," mjomba alisema.

Shingo haikupona, asubuhi ilikuwa nzito kama jana. Lakini chombo kilikuwa kimekubali kumsikiliza mwenyewe badala ya kumlinganisha na mwingine. Kipimo kilichomfaa mtu ni habari njema kwa jirani yake, wala si sheria juu yake.