Jino la Miaka Sita Kambini Nyarugusu

Atokaye Kasulu kwenda Kibondo hupita Makere, na karibu na hapo ndipo ilipo kambi ya Nyarugusu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita; mwaka 2015 wakaja Warundi, ikafurika. Nalifika huko na mizigo ya nguo. Vumbi jekundu, nyumba za matofali mabichi, na watoto wengi kama kumbikumbi.

Kwenye zahanati nilikuta benchi zima la wenye kuumwa meno. Mama mmoja Mkongo alikuwa na binti wa miaka minane, shavu limevimba. "Mutoto halali," akasema, "jino inamuuma. Lakini ni ya utoto, itaanguka." Mganga wa meno akamulika kinywani, akatikisa kichwa. Halikuwa la utoto hata kidogo.

Wazazi wengi, hata huku vijijini kwetu, hawalijui jino hili. Mtoto afikapo miaka sita hivi, gego kubwa huota nyuma kabisa ya magego ya utoto. Halichukui nafasi ya jino lililong'oka, basi huja kimya, na mzazi hudhani ni mojawapo ya yale yatakayodondoka. Kumbe hilo ndilo mtoto atakalozeeka nalo. Likitoka halina badala.

Tundu likiwa dogo, haihitajiki mashine wala umeme. Mganga huondoa uozo kwa vyombo vya mkono, kisha huziba kwa dawa igandayo kama saruji. Njia hii (tusione haya kujisifu kidogo) ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono. Lakini kwa binti yule usaha ulikwisha kuingia. Aling'olewa.

Mdogo wake wa miaka saba akaitwa naye. Gego lake lilikuwa na tundu dogo tu. Likazibwa siku ileile. Kisha mama akaagizwa: kila mtoto na mswaki wake, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala.

"Nina batoto batano," akajibu. Posho yao ilikuwa unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Mganga akampa miswaki miwili iliyobaki sandukuni. Wale wengine watatu watafune kijiti mpaka ncha ilainike, wasugulie nacho hadi nyuma kabisa.