Chambo Kikubwa, Samaki Mkubwa? Wasee, Tunadanganyana

Kuna kauli inazunguka sana kwa hizi video za motisha: ukitaka samaki mkubwa, weka chambo kikubwa. Nimeisema mimi mwenyewe. Niliisema siku niliyoacha chuo, mathe akiniangalia tu bila kujibu. Halafu Desemba iliyopita nikaibeba hadi baharini, na watu watatu wakarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu yangu.

Mimi ni mtoto wa Section 58. Ziwa letu Nakuru lina maji ya chumvi, lakini liko ndani ya mbuga. Ukionekana pale na ndoana, wewe ndiwe utakayevuliwa na KWS. Samaki niliyemjua ni tilapia wa Naivasha, tayari amekaangwa. Kwa hivyo msinione kama fundi. Nilienda Malindi kutafuta kontenti, basi.

Binamu yangu anafanya kazi kule. Alinitambulisha kwa nahodha mmoja mzee mwenye mashua ya injini na mabaharia wawili, mmoja wa rika langu. Tulielewana hivi: mimi nanunua petroli, wao wanavua, samaki ni wao, video ni yangu. Kaskazi ilikuwa imeanza, bahari imetulia, na huo ndio msimu wa sulisuli upande wa Malindi na Watamu. Kama hujawahi kumwona sulisuli, ni yule samaki mwenye mdomo mrefu kama upanga na pezi mgongoni kama tanga. Nilikuwa nishaandika kichwa cha video kabla hata ya kupanda mashua.

Alfajiri tukapata chambo cha aina mbili. Vibua, wa urefu wa shibiri moja hivi. Na sehewa, hawa ni jamaa za jodari, wawili watatu wenye urefu wa kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Nahodha akashika kibua. Mimi nikaonyesha sehewa.

“Kijana, leo tutumie vibua,” akasema. “Sehewa mwachie mtalii.”

“Mzee, watu hawaangalii samaki wadogo. Nataka mkubwa.”

Akacheka kidogo. “Haya. Petroli ni yako.”

Ningekuwa na masikio, hapo ningesikia.

Kitu cha kwanza ambacho sikujua: sehewa hapumui akiwa amesimama. Lazima aogelee ndio maji yapite kwenye matamvua yake. Ukimweka kwenye ndoo anakufa kwa dakika chache tu. Boti kubwa za watalii huwa na mabomba maalum yanayomsukumia maji mdomoni ili akae hai. Sisi tulikuwa na ndoo ya rangi iliyokatwa juu. Wawili wakafa kabla hatujatumia hata mmoja. Yule aliyebaki akatiwa ndoana puani na kurudishwa majini haraka, tukaanza kumkokota polepole nyuma ya mashua.

Saa tano asubuhi mshipi ukakimbia. Manze, moyo! Nikashika simu kurekodi. Sekunde nne hivi, mshipi ukalegea. Tukavuta. Kilichokuja ni kichwa cha sehewa peke yake, na ndoana yetu bado iko puani, safi kabisa. Mwili wote ulikuwa umekatwa kama kwa kisu.

“Nguru,” nahodha akasema, na akarudi kukaa.

Nguru ana meno kama wembe. Hamezi chambo kikubwa mzima mzima. Huja nyuma, anakata mkia na kiwiliwili, anaondoka. Ukimpa chambo kirefu chenye ndoana moja mbele, umemnunulia chakula cha mchana. Ukitaka kumpata kwa chambo kirefu, unaongeza ndoana ya pili huko nyuma, na waya badala ya nailoni. Ama unatumia chambo kifupi, kinachoingia mdomoni pamoja na ndoana yake.

Tulikaa mpaka saa tisa. Hatukupata kitu. Tulipofika ufuoni, mashua zingine zilikuwa zinashusha kolekole na nguru, wote waliovuliwa kwa vibua. Yule kijana wa rika langu akasimama kando, akapiga simu. Nilimsikia: “Mama, leo bahari imegoma.” Hakusema ni mimi. Angeweza.

Usiku ule sikulala vizuri. Kwangu hiyo siku ilikuwa video moja imeharibika. Kwake ilikuwa unga.

Kesho yake nikaenda tena, bila pesa, nikaomba nibebwe kama mtu wa kuchota maji mashuani. Mzee akakubali. Safari hii nikanyamaza na kuangalia.

Tulivua vibua kwa ndoana ndogo sita kwenye kamba moja, kila moja imefungwa manyoya ya kuku. Nilifikiri wote ni sawa. Nahodha akawachagua. Wakubwa zaidi akawatupa kwenye kapu la kitoweo. Wadogo sana pia. Wa katikati, walio hai vizuri, ndio wakaingia kwenye ndoo, na wachache tu, kwa sababu wakijaa wanamaliza hewa ya maji. Nikauliza anaamuaje.

Kwanza ni ndoana, akasema. Chambo kikiwa kinene kuliko nafasi ya ndoana, ncha inajificha ndani ya nyama ya chambo na haimshiki samaki. Ndoana ikiwa nzito kuliko chambo, kile kisamaki kinachoka, kinazama, kinakufa. Na samaki mkubwa anavutwa na kitu kinachohangaika.

Pili ni mdomo wa unayemtaka. Chewa ana domo pana, anafyonza kitu kizima. Nguru anakata. Sulisuli ni mrefu, lakini mdomo wake si mkubwa hivyo, na kibua wa shibiri moja anamtosha kabisa. Yaani hata yule samaki wangu wa ndoto hakuhitaji sehewa! Wa kumpa chambo kama kile ni nduaro mkubwa, na huyo unaweza kumngoja siku nyingi.

Tatu sikuambiwa, niliiona. Samaki wa kwanza alikuwa kolekole wa wastani. Mzee akampasua tumbo pale pale. Ndani, dagaa watupu, wadogo kama omena. Samaki akikua anaweza kula vikubwa zaidi, lakini haimaanishi ameacha vidogo. Anakula kilichopo. Mzee akaingiza mkono kwenye ndoo, akachagua kibua mdogo kuliko wa kwanza. Tulirudi na kolekole watano na nguru mmoja ambaye nilishindwa kumnyanyua kwa mkono mmoja. Mimi nikapewa kolekole mmoja. Sikuwa nimestahili.

Sasa, sisemi chambo kikubwa ni uongo. Kinafanya kazi. Kinafukuza samaki wadogo wasikusumbue, na yule mmoja akija, amekuja kweli. Lakini bei yake ni kungoja. Mtalii anaweza kungoja. Akikosa leo anarudi hotelini, chakula kiko mezani. Hata akimpata sulisuli, mara nyingi anamtia alama na kumwachilia aende zake. Yule kijana hawezi kumwachilia samaki aende zake.

Hiyo ndiyo shida yangu na hizi video zetu. Wanaotuambia tuweke chambo kikubwa, wengi wao wako na mahali pa kurudi jioni. Tunachukua saizi ya chambo chao bila kuchukua jokofu lao. Nilipoacha chuo nilidhani mimi ndiye ninayeweka dau. Kumbe mathe ndiye alikuwa analipa petroli.

Bado sijarudi chuo, na bado nataka samaki mkubwa. Lakini siku hizi nafanya kazi ndogo za kurekodi harusi na ruracio wikendi, pesa inaingia nyumbani, na ule mradi mkubwa naukokota polepole nyuma. Mshipi mmoja wa kesho, mmoja wa leo.

Ile video ya siku ya kwanza naiachilia wiki hii, kichwa cha sehewa na aibu yangu yote. Kuna kipande kimoja hamtakiona. Nilikuwa nimemrekodi yule msee akimpigia mamake simu. Nilijua kingependwa sana. Nimekifuta.

Wewe je? Kabla uniambie chambo chako ni saizi gani, niambie kwanza: ukikosa leo, ni nani atalala njaa?