Bogonvilia na zulia la Ufini

Yaya wangu yuko Ufini, mwaka wa tatu sasa. Picha anazotutumia hapa Nyarugusu siyo za majumba. Ni za mmea wa chini, wa kijani, laini kama zulia, uliofunika mawe na magogo msituni. Wafini wanauita sammal. Mama alipouona akauliza: "Na maua yake iko wapi?"

Hauna maua. Hautoi maua kamwe, wala mbegu. Unazaa kwa vumbi dogo sana linalopeperushwa na upepo. Mizizi ya kweli pia hauna. Maji unakunywa kwa majani. Jua likikaza unakauka hadi unadhani umekufa; mvua ikinyesha, unarudi kijani. Ndugu yake mmoja wa sehemu za majimaji, rahkasammal, anaweza kubeba maji hadi mara 20 ya uzito wake akiwa mkavu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walifungia nao vidonda vya askari.

Mbele ya nyumba yetu kuna bogonvilia. Mama aliomba kijiti kwa jirani, akakichomeka kwenye udongo, kikashika. Ule wekundu unaouona siyo maua, ni majani. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati. Tena siyo mti wa kwetu, hata ukidhani ulizaliwa Fizi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina ni la Bougainville, baharia Mfaransa ambaye msafara wake ulipita Brazili mwaka 1767.

Kwenye mikutano tunaambiwa mara nyingi kwamba mkimbizi ni mti uliong'olewa mizizi. Wanasema kwa huruma, nawaelewa. Lakini mimea hii miwili inabisha. Mmoja hauna mizizi na unaishi penye theluji. Mwingine ni tawi lililokatwa likapandwa ugenini, na leo maharusi wanapigia picha mbele yake.

Hata hivyo, hailingani. Bogonvilia ukiiacha nje kule Ufini, baridi kali itaiua. Mama analijua hilo bila kusoma. Mwezi ujao ana mahojiano ya safari ya nchi ya tatu, na kila jioni ananiuliza: "Miye niko mmea gani?" Sijapata jibu.

Juzi yaya kamwambia kwenye simu kwamba hata Wafini wanafuga bogonvilia, ila ndani, kwenye chungu, karibu na dirisha. Mama akanyamaza. Halafu akauliza hicho chungu ni kikubwa kiasi gani.