Siku ya Mwisho Ugenini: Habari za Greenwich

Wengi wamekwisha kuandika habari za safari, jinsi walivyoondoka na jinsi walivyopokewa; bali ni wachache waliosimulia siku ya mwisho, siku ambayo mgeni amekwisha kufunga mizigo yake wala hajaondoka bado. Siku hiyo ina taabu yake peke yake. Macho hayajashiba, fedha zimepungua, na kila mtu wa nyumbani aliyeagiza zawadi hukumbukwa kwa mara moja. Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari za siku moja tu, ya mwisho katika matembezi ya siku 26 tuliyofanya mimi na mke wangu katika nchi za Uingereza na Uskoti, mwezi wa Agosti mwaka 2018.

Tulikuwa tumeona mengi: Edinburgh na ngome yake juu ya jabali, kanisa kuu la York lenye madirisha ya vioo vya rangi, na Canterbury, na mjini London tulikuwa tumetembea hata miguu ikavimba. Hata hivyo, usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa na karatasi yenye majina ya mahali sita tusipopafikia bado. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni muuguzi katika hospitali moja mjini humo, naye ndiye aliyetukaribisha. Aliisoma karatasi ile akacheka, akasema, "Mjomba, mahali sita kwa siku moja ni kazi ya tarishi, si ya mgeni."

Yeye alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili apate siku hiyo moja ya kushinda nasi. Siku nyingine tulimwona jioni tu, macho yamejaa usingizi. Mke wangu akasema, "Majengo tutayaacha yamesimama. Tunayemwacha ni mtoto huyu. Achague yeye." Akachagua Greenwich, kwa sababu amekaa London miaka tisa wala hajapata kupafika. Ndipo nilipofahamu maana ya neno la wazee, Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Asubuhi tulipanda boti kwenye gati ya Westminster, tukashuka na mto Thames kuelekea mashariki. Tulipita chini ya Tower Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1894, ambalo njia yake huinuliwa pande mbili ili merikebu ndefu zipite. Greenwich tuliona kwanza milingoti ya Cutty Sark, merikebu ya tanga iliyoundwa Uskoti mwaka 1869 ili kuchukua chai kutoka China, nayo sasa imewekwa nchi kavu. Hatukukawia hapo, tukaanza kukwea kilima katika bustani kubwa, polepole, maana mke wangu hakimbizwi.

Juu ya kilima ipo nyumba ya kuangalizia nyota, iliyoanzishwa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1675. Haikujengwa kwa ajili ya anasa. Mabaharia wa zamani walijua kupima umbali wao na ikweta kwa jua na nyota, bali kadiri walivyokwenda mashariki au magharibi hawakuijua kwa hakika, na merikebu nyingi zilivunjika mwambani kwa ajili hiyo. Sasa sikilizeni hesabu yake. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa. Basi baharia akiwa na saa inayoshika wakati wa Greenwich pasipo kukosea, na akitazama jua lifikapo kilele hapo alipo, hulinganisha nyakati hizo mbili naye hujua mahali pake. Shida ilikuwa kupata saa ya namna hiyo, kwa kuwa saa za siku zile zilivurugwa na mawimbi, na joto, na baridi.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayefumbua jambo hilo. Aliyelifumbua hakuwa mwanachuoni mkubwa, bali John Harrison, seremala, mwana wa seremala. Kwa muda wa kama miaka 30 aliunda saa moja baada ya nyingine, kila mara akiona kasoro na kuanza tena. Ya nne aliimaliza mwaka 1759, nayo ni ndogo, upana wake kama sentimeta 13. Ikapelekwa baharini mpaka Jamaika, ikapoteza sekunde chache tu. Alipolipwa fedha za mwisho mwaka 1773 alikuwa amefikia umri wa miaka 80.

Saa zote nne tulizikuta katika nyumba ile. Tatu za kwanza, ambazo ni kubwa, zilikuwa zikienda. Ile ya nne imesimama, kwa maana haitiwi ufunguo isije ikachakaa. Mpwa wangu aliitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, hii wameisimamisha ili isichakae. Na mimi, nani atanisimamisha?" Sikumjibu upesi, maana halikuwa neno la kujibiwa upesi.

Tulitoka nje kungoja jambo linalotazamwa hapo kila siku. Juu ya paa liko tufe kubwa jekundu, lililowekwa mwaka 1833 ili mabaharia waliomo mtoni wapate kurekebisha saa zao. Dakika tano kabla ya saa saba mchana lilipanda nusu ya mlingoti. Zikibaki dakika mbili lilifika juu kabisa. Na saa saba kamili likashuka. Hapo langoni iko saa ya ukutani yenye hesabu ya saa 24, nayo ilionyesha saa sita, kwa kuwa haifuati desturi ya Waingereza ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Na kwetu ilikuwa saa tisa alasiri.

Mpwa wangu alipohesabu hayo akanyamaza. Kwa kawaida humpigia mama yake simu baada ya zamu, saa nne ya usiku, na hapo nyumbani ni usiku wa manane. Sasa akampigia. Dada yangu alikuwa anapeta mchele. Akashtuka kusikia sauti ya mwanawe jua likiwaka, akauliza kama kuna msiba. Wakazungumza, wakacheka, mimi na mke wangu tukasogea kando. Hakuahidi siku ya kurudi, nami sikumdai ahadi.

Karibu nasi watu walipanga foleni wapigwe picha juu ya mstari uliokubaliwa huko Washington mwaka 1884 na mataifa 22 kati ya 25 yaliyokutana, mguu mmoja mashariki na mmoja magharibi. Sisi tulishuka, tukavuka mto kwa njia ya miguu iliyochimbwa chini yake, iliyofunguliwa mwaka 1902 ili wafanyakazi wa gati wavuke kwenda kazini. Tukarudi nyumbani kabla ya giza, tukala pamoja bila haraka.

Basi, enyi wenye nyumba, mkijaliwa kusafiri, zawadi nunueni mapema na mizigo fungeni jana yake, ili siku ya mwisho mpate kumpa aliyewapokea. Nanyi walimu, somo la longitudo lahitaji kijiti tu. Kisimikeni wima uwanjani, watoto watie alama kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, kisha watazame saa. Kwetu Tanga, kwa wastani, huwa zimepita dakika zaidi ya 20 baada ya saa sita. Waulizeni kwa nini. Na atakayejibu, mwambieni awahesabie pia ni saa ngapi huko aliko ndugu yao wa mbali, na kama wakati huo yu macho.