Barua ya Tony na Meseji Yangu

Nilichukua The Sense of an Ending kwa sababu moja tu: ni kitabu chembamba. Tulikuwa tumemaliza mitihani, nimechoka na makabrasha ya saikolojia ya elimu, nikaona kurasa mia na hamsini hivi nazimudu. Kimeandikwa na Julian Barnes wa Uingereza, na kilipata Tuzo ya Booker mwaka 2011.

Msimulizi ni Tony Webster, mzee mstaafu, katalikiana na mkewe ila wanaelewana, ana binti mmoja. Mtu asiyependa shari. Siku moja anapata barua ya wakili: mama yake Veronica, msichana aliyekuwa naye enzi za chuo, amefariki na kumwachia pauni 500 na shajara ya Adrian. Huyo Adrian alikuwa rafiki yao mwenye akili kuliko wote. Alianza uhusiano na Veronica baada ya Tony kuachana naye, kisha akajiua angali kijana.

Tony anakumbuka alivyozipokea habari za wale wawili: alituma postikadi ya utani, baadaye barua ya kumtahadharisha rafiki yake. Basi. Kaishi na kumbukumbu hiyo miaka arobaini, mpaka Veronica anampa nakala ya barua yenyewe. Jamani! Matusi matupu, na maapizo hadi kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa. Na kaandika mwenyewe, hana pa kuchomokea.

Watu husema riwaya hii ni ya uzee na majuto. Sawa, lakini barua ile haikuandikwa na mzee. Iliandikwa na kijana wa rika letu, ndiyo maana nilikifunga kitabu nikashika simu.

Nilipoingia mwaka wa kwanza, rafiki yangu wa kidato cha tano na sita alipata chuo kama mimi, ila mkopo akakosa. Kwao walichangishana, ikapungua laki moja. Akaniomba nimkopeshe. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi pale kimbwetani tukizungumzia ugumu wa maisha, na kila mara nimesema hivi: nilimwambia pole sana, sina.

Usiku ule nilirudi nyuma kwenye meseji zetu, nikapandisha mpaka nikaifikia. Nilikuwa nimeandika: "Mi si Bodi ya Mikopo. Halafu chuo si cha kila mtu, jipange tu huko nyumbani." Chini yake kajibu: "Sawa, asante." Na siku tatu kabla, humohumo, nilikuwa nimemtumia: "Boom limeingia shoga angu!!!" na vikatuni vya kucheza.

Somo langu la kufundishia ni Historia. Nafundishwa kuwaeleza wanafunzi tofauti ya ushahidi na masimulizi, na hapo nilipata 'A'.

Nilijaribu kujitetea. Nilikuwa mdogo, nilikuwa na madeni, nilikuwa nimenunua simu. (Ndiyo hiyohiyo niliyokuwa nimeishika.) Tony naye anajitetea hivyohivyo, kwamba aliyeandika alikuwa mtu mwingine wa zamani. Kisha anamwomba Veronica radhi kwa barua pepe, na haisaidii kitu. Kwa hiyo mimi sikuandika. Nilipiga.

Alipokea akiwa dukani kwa shangazi yake, nasikia wateja. Nikamwambia nataka kumwomba msamaha kwa ile meseji ya mwaka wa kwanza. Nilidhani ataniuliza meseji gani. Akaitaja yote, neno kwa neno, hata ile "halafu".

"Umekumbukaje leo?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna kitabu nilikuwa nasoma.

Kikapita kimya. "Kumbe kitabu," akasema. Halafu akaniomba nisubiri kidogo, kuna mtu anataka sukari nusu kilo. Nilisubiri mpaka salio likaisha.