Wiki ya Mapenzi Kwenye Theluji, Mita 2,300 Juu!

Kama wewe na mwenzio mmeshazoea Zanzibar kila mkipata likizo, na sasa mnataka kitu tofauti, basi hii ni yenu. Januari mimi na mume wangu tuliadhimisha miaka mitano ya ndoa Val Thorens, kule Ufaransa, kwenye milima ya Alps. Tuliungana na wifi yangu na mumewe wanaoishi Lyon, tukakodi apatimenti ya kifahari kwa wiki nzima. Hela zilituuma, sifichi. Mume wangu alikuwa amezipangia kujenga uzio wa nyumba yetu, kwa hiyo nilijua kabisa: safari ikibuma, nitaisikia mpaka uzeeni.

Kwanza, huko ni juu! Val Thorens iko mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ndicho kituo cha michezo ya theluji kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Kwa Kilimanjaro, ni kama uko katikati ya lango la Marangu na kibanda cha Mandara. Urefu huo ndio unaolipia. Dunia inavyozidi kupata joto, vituo vya chini vinahangaika kupata theluji, lakini huku juu msimu huanza mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Mei. Lifti za nyaya zinakuunganisha na mabonde jirani ya Les 3 Vallées, yenye njia za kuteleza kilomita 600.

Sasa nyumba yenyewe. Vyumba viwili, sauna, dirisha refu linalotazama mlima, na kabati la kukaushia viatu vya kutelezea. Ukifungua mlango wa chini unavaa ski zako na kuondoka, hakuna kubebana na mizigo. Hapo ndipo kifahari kinapoonekana, kwa sababu viatu vile ni vizito balaa!

Lakini kabla hujalipa, soma mkataba vizuri. Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. "Ya watu sita" mara nyingi ina maana wawili watalala sebuleni kwenye kochi linalokunjuliwa, na kwa wanandoa hilo si jambo dogo. Uliza kama mashuka, taulo na usafi wa mwisho vimo kwenye bei. Kuna dhamana utakayorudishiwa kama hujavunja kitu, na kuna kodi ya mji kwa kila mgeni kwa kila usiku. Ukienda na gari, unashusha mizigo kisha unalipeleka maegesho ya kulipia. Sisi tulifika na basi kutoka stesheni ya Moûtiers. Epuka likizo za shule za Februari, bei hupaa.

Jikoni nako kuna vituko. Kwa urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi kama 92 tu, si 100. Maharage ya wifi yalikaa jikoni mpaka tukaanza kuyaimbia! Hewa ni kavu, kunywa maji mengi. Na usidhani ngozi yetu haiungui: theluji inaakisi jua, paka losheni na uvae miwani.

Haya, mapenzi sasa. Siku ya pili bwana mkubwa, akiwa na ujuzi wa siku moja tu, akajitangaza mwalimu wangu. Akanipandisha njia ya bluu, akateleza zake, akaniacha nimekaa chini kama gunia, huku akinipigia kelele "piga magoti!" Usiku ule hatukusemeshana. Sauna ilikuwepo, hakuna aliyeiwasha.

Asubuhi wifi akatuweka kikao. "Kaka, mkeo hajaja huku kufanyiwa mtihani." Tukaandikishwa shule ya ski, kila mtu darasa lake. Siku ya tano nilishuka njia ya bluu peke yangu, na nani alikuwa chini ananipigia makofi? Yeye. Jioni hiyo tulikaa kibarazani na jibini ya moto, akaniambia, "Uzio utasubiri mwaka kesho." Wanawake wenzangu, mnaelewa.

Kwa hiyo, mkijipanga, kumbukeni haya:

Viza ya Schengen inadai bima isiyopungua euro 30,000. Hakikisheni inataja ski, maana kuokolewa mlimani ni kwa kulipia.

Anzeni na njia za kijani, kisha bluu. Nyekundu na nyeusi waachieni wenyewe.

Gawaneni nyumba na watu mnaoelewana. Bei inashuka, na mkinuniana kuna wa kuwapatanisha.

La mwisho: mwenzio si mwalimu wako. Lipeni mwalimu, yeye abaki kuwa mpenzi.