Hema Lililolowa Halihifadhiwi

Wapenzi wengi siku hizi wanaishi mbalimbali kwa ajili ya kazi. Mmoja yuko Dar, mwingine Ifakara au Tunduma, na ndoa inaendeshwa kwa simu. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo leo, msomaji wangu, sikuletei ya kusikia. Nakuletea yaliyonikuta mwenyewe, tena kwenye tope.

Mume wangu alihamishiwa Ifakara kikazi, nami nikabaki Dar na uhariri wangu. Makubaliano yetu yalikuwa mwaka mmoja tu. Sikukuu ya Pasaka nikamfuata. Akaazima hema kwa mfanyakazi mwenzake, tukaenda kulala siku mbili Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Tatizo, Pasaka huangukia ndani ya masika, na masika ya bonde la Kilombero si mchezo. Milima inakamata mawingu, maji yanateremka, na tambarare yote inageuka mpunga na maji.

Usiku wa pili mvua ilianza saa nane. Tumejikunyata katikati tusiguse kuta za hema, mwenzangu akavunja ukimya.

"Mke wangu, wameniongezea miaka miwili. Nimeshasaini."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Jamani! Mwezi mzima tunaongea kila usiku, ananiuliza nimekula nini, kumbe ana karatasi ya miaka miwili mfukoni. Nilinyamaza. Kulipokucha mvua ilikuwa bado inanyesha, na basi langu la Dar lilikuwa linakaribia kupita.

Watu wawili, kitambaa kimoja

Kukunja hema lililolowa kunataka watu wawili, hata kama hawasemeshani. Kwanza mnafungasha vya ndani, kuanzia magodoro, nguo hadi simu, wakati paa bado limesimama. Mnang'oa mambo na kuzifuta tope moja moja, kwa sababu ncha ikiingia na udongo itatoboa kitambaa. Kisha mnashika pembe mnakung'uta pamoja. Mmoja akivuta kabla ya mwenzake, maji yote yanamrudia usoni. Mwisho mnaviringisha kuelekea mlangoni, zipu ikiwa wazi kidogo, ili hewa itoke. Na bado halitaingia kwenye mfuko wake, maana kitambaa chenye maji ni kizito na kimevimba. Sisi tulilitia kwenye kiroba.

"Twende, mengine tutaongea kwenye simu," akasema.

Hapo ndipo nilipokataa. Hema likikaa limekunjwa na maji yake siku mbili tatu, linaota ukungu, na harufu yake haitoki tena. Nikamwambia, "Mimi siendi Dar leo. Tunaenda Ifakara kuanika hema, na hili nalo tunalianika." Nikapiga simu ofisini kuomba siku moja.

Tuliyoongea chini ya mwembe

Mchana jua likatoka. Tukatandaza hema kwenye kamba uani kwake. Mama jirani akapita, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mumeo umemfuata au umemletea kesi?"

Nikacheka bila kupenda. Akatusimulia kwamba huku, kilimo kikianza, familia nyingi hugawanyika. Baadhi wanahamia kwenye vibanda vya shambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, wengine wanabaki mjini na watoto wa shule. Zamani kuvuka mto kulikuwa kwa kivuko. Siku hizi kuna daraja la mita 384.

"Kuishi mbali siyo kuachana," akasema. "Ila anayehama anaaga."

Mume wangu akainamisha kichwa. Tukaketi mkekani hadi jioni. Alisema alisaini kwa sababu mshahara uliongezeka, na kiwanja chetu bado kinadaiwa. Nilimwelewa. Nikamwambia kinachoniuma siyo Ifakara, ni kwamba alisaini maisha ya watu wawili kwa kalamu moja. Akaomba radhi. Sikusema yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha, na ilinichukua wiki kadhaa. Lakini tuliondoka mkekani na mambo matatu: hakuna kusaini kitu kabla wote hatujakisoma, kila mwezi mmoja anasafiri kwa zamu, na baada ya mwaka tunakaa upya kuamua nani amfuate nani.

Sasa basi, wewe uliye mbali na mpenzi wako, nisikilize. Siyo kila ugomvi unaweza kumalizwa palepale. Basi linaondoka, bosi anapiga simu, mtoto analia. Ukilazimika kuukunja ukiwa bado una maji, ukunje tu. Ila kabla hamjaagana, tajeni siku ya kuufungua, na isiwe mbali.